Kutoka Rufiji hadi Ruvuma: mwongozo kamili wa vivutio vya asili vya pwani ya kusini

Mgeni wa pwani ya kusini ya Tanzania anapoharibikiwa safari, mara nyingi ameiharibu kabla hajaondoka nyumbani. Amechagua tarehe kwa kufuata likizo yake, hakuuliza upepo wala mwezi, halafu anafika Kilwa siku ambayo bahari imechafuka, au maji yamekupwa na mashua zimelala kwenye tope. Ukanda huu unaanzia delta ya Rufiji na kuishia mdomo wa mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Kwa barabara ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na karibu kila kitu cha kuona kiko mbali na lami: visiwani, ndani ya mikoko, chini ya ardhi, juu ya nyanda. Huku maji ndiyo yanayopanga ratiba. Kwa hiyo tuanze na msimu, kisha maji, kisha chombo, ndipo tushuke mahali kwa mahali kutoka kaskazini kwenda kusini.

Hatua ya 1: Chagua msimu kwa kivutio unachokitaka

Hakuna mwezi unaofaa kila kitu. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, bahari huwa na joto na maji ya ndani huonekana vizuri, lakini jua la mchana linachoma na kutembea bara kunachosha. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, usije kabisa kama huna shughuli nyingine. Barabara za udongo zinageuka utelezi, mito inafurika, na hata barabara kuu si ya kuaminika: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi ndani ya wilaya ya Kilwa na magari yakakwama pande zote mbili.

Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Septemba. Huo ni wakati wa bara: mapango, misitu na miinuko, kwa sababu ardhi imekauka na hewa ni ya baridi kidogo. Baharini, upande wa nje wa visiwa huwa mawimbi matupu, ila ndiyo miezi ya nyangumi wenye nundu, wanaopita pwani hii kati ya Julai na Novemba kwenda kuzaa na kunyonyesha kwenye maji ya joto.

Ukiwa na nafasi moja tu kwa mwaka, chukua Oktoba. Kusi imelegea, vuli haijaanza kunyesha kwa nguvu, nyangumi bado wapo na papa potwe wa kisiwa cha Mafia wameanza kuonekana.

Hatua ya 2: Soma maji kabla ya kufunga tarehe

Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huku, siku za bamvua, hufika mita 3 na zaidi. Kwenye ufuko ulio bapa, hiyo ni tofauti ya mamia ya mita za mchanga na tope. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi mwandamo. Kati yake ndipo huja maji mafu, ambapo bahari inapanda na kushuka kidogo tu.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika utaweza kupanga safari nzima bila kumuuliza mtu. Siku za bamvua, kwenye pwani hii, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa karibu saa 10 hadi saa 11 jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja, siku za maji mafu, mambo yamegeuka: maji yanajaa asubuhi ya saa 4 na kupwa jioni. Hakikisha kwa jedwali la maji la mamlaka ya bandari au programu ya simu, lakini kanuni hii haitakupoteza.

Matumizi yake ni haya. Ukitaka kutembea juu ya mwamba kutazama viumbe wa vidimbwi, au kupita ufukweni kwa miguu, njoo siku za bamvua na uanze saa 3 asubuhi, maji yakiwa yanatoka. Ukitaka kupenya vijito vya mikoko kwa boti, ingia maji yakiwa yanapanda, ili chombo kikigusa chini kiinuliwe chenyewe baada ya muda mfupi. Anayeingia maji yakishuka na kukwama, anabaki hapo saa sita au saba na mbu wake. Ukitaka kupiga mbizi, maji mafu ni bora: mkondo ni mdogo na matope hayatibuki. Siku za bamvua, milango ya ghuba huwa na mkondo ambao hata mwogeleaji hodari haushindi.

Hatua ya 3: Kodi chombo kwa macho yako, si kwa simu

Sehemu kubwa ya fedha yako itakwenda kwenye boti, na hapa ndipo watu huumia. Nenda bandarini au diko la samaki jioni ya siku moja kabla, ukione chombo na uzungumze na nahodha mwenyewe, si dalali. Angalia mambo haya:

Jaketi okozi liwe moja kwa kila mtu, lenye vifungo vinavyofunga. Livae kabla ya kuondoka. Likibaki chini ya ubao wa mbele halina faida.

Mafuta yagawe mafungu matatu: fungu moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba. Nahodha akisema yatatosha bila kukuonyesha dumu, ongeza dumu.

Injini ya kupachika iwe na plagi ya akiba, spana yake na kamba ya kuwashia. Mwambie aiwashe mbele yako ikiwa baridi. Injini inayovutwa mara kumi ufukweni itavutwa mara ishirini katikati ya mlango.

Pawe na nanga yenye kamba ndefu, kopo la kutolea maji botini na kasia au upondo. Hivi vitatu huonekana vidogo hadi injini izime.

Patana bei ya chombo kizima kwenda na kurudi, pamoja na saa za kusubiri, na utaje mafuta ni ya nani. Lipa nusu kabla, nusu ukirudi. Muulize nahodha saa ya kurudi kabla hujamwambia yako. Anayejibu kwa kutaja maji na upepo ndiye wa kukodi.

Fika majini mapema. Hasa wakati wa kusi, asubuhi bahari hutulia, na kuanzia saa 6 mchana upepo hukaza. Ukirudi saa 9, utarudi umelowa.

Delta ya Rufiji

Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, ndilo watu wengi wanalolijua la Rufiji. Wanavuka dakika moja na kuamini wameuona mto. Delta yenyewe iko chini zaidi upande wa bahari, na ina mikoko ya hekta zipatazo 53,000, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo nchini. Tangu 2004, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limeorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu.

Njia rahisi ni kuacha barabara kuu Bungu na kwenda bandari ya Nyamisati, kisha kukodi boti ya nusu siku. Jifunze kuitambua miti kwa mizizi yake, kwani hapo ndipo msitu huu unapoanza kueleweka. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu hutoa vijiti vyembamba vinavyochomoza topeni kwa maelfu, navyo ndivyo mti unavyovutia hewa, kwa kuwa tope halina. Msinzi hukunja mizizi yake mithili ya magoti. Mkomafi utaujua kwa tunda lake la mviringo, kubwa kama mpira mdogo. Ukipita kutoka ukingo wa bahari kuelekea nchi kavu utaona miti ikibadilishana nafasi kwa mafungu, kwa sababu kila mmoja una kiwango chake cha chumvi na cha saa za kufunikwa na maji.

Usiingie bila mwenyeji. Vijito vinafanana mno. Humu ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha tangu 1914, na Waingereza walihangaika kwa miezi hadi walipoiharibu Julai 1915. Usitie mkono majini, sehemu za juu zina mamba na viboko. Vaa mikono mirefu kabla ya jua kuzama.

Mafia

Kutoka Nyamisati hiyohiyo kuna vyombo vya abiria vya kwenda Kilindoni, na kutoka Dar es Salaam kuna ndege ndogo za muda usiofika saa moja. Kwa njia ya bahari, panda chombo kilichosajiliwa kubeba abiria. Mashua ya mizigo itakuwa nafuu na itakuwa imejaa, iache.

Kisiwa kina pande mbili zenye tabia tofauti, na wageni wengi huzichanganya. Papa potwe wako magharibi, mbele ya Kilindoni, nje ya hifadhi. Ghuba ya Chole iko kusini-mashariki, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995 ikiwa ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Kwa ghuba hii unalipa kiingilio cha hifadhi, kinachohesabiwa kwa siku. Omba namba ya kumbukumbu ya malipo na utunze stakabadhi, utaulizwa tena.

Papa potwe huja karibu na ufuko Oktoba hadi Februari au Machi, kwa sababu wakati huo vijidudu na kamba wadogo ambao ni chakula chao hukusanyika pale juu. Miezi mingine hawahami mbali. Husogea nje kidogo na kushuka chini, usiwaone. Wengi ni madume machanga ya mita 5 hadi 9. Toka alfajiri bahari ikiwa kioo, kwani nahodha huwatafuta kwa macho: kivuli cheusi, au ncha ya pezi na maji yanayotetema kwa dagaa. Boti isimame mbali mbele ya njia yake, injini izimwe, nanyi mteleze majini bila kuruka. Kaa mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani. Usimguse wala usimzibie njia. Ukimfukuza kwa nguvu atazama, na kikundi kizima kitakuwa kimempoteza kwa haraka ya mtu mmoja. Mwache apite, mara nyingi atageuka na kurudi kwa hiari yake.

Chole ni kwa ajili ya matumbawe na kasa. Kasa hutaga upande wa bahari wa kisiwa cha Juani, na watoto huanguliwa zaidi Juni hadi Septemba. Waangalizi wa viota hujua makadirio ya siku, basi waulize kabla ya kupanga. Mlango wa Kinasi, unaoingiza maji ghubani, una samaki wakubwa na mkondo mkali. Uingie kwa mwongozaji wa mbizi mwenye cheti tu, na kwa saa atakayochagua yeye.

Matumbi na pango la Nang'oma

Hiki ndicho kivutio cha bara tunachokipendekeza kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa na wengi. Unaacha lami Njia Nne, kaskazini ya njiapanda ya Nangurukuru, na kupanda barabara ya udongo ya kilomita 50 hivi kuelekea Kipatimu. Wakati wa kiangazi gari lolote lililo juu kidogo linafika. Mvua ikinyesha, hata gari la magurudumu manne linaserereka. Milima hii ni ya chokaa, na maji ya mvua yameitoboa kwa miaka isiyohesabika, yakaacha vyumba, nguzo na mashimo yanayopitisha mwanga kutoka juu. Wamatumbi walijificha humu wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vita vilivyoanzia vijiji vya jirani kama Nandete.

Ripoti kwanza ofisi ya kijiji cha Nandembo upate mwongozaji. Sehemu za pango zina heshima ya tambiko na yeye anajua pa kuvua viatu na pa kunyamaza. Kila mtu awe na tochi mbili, viatu vyenye meno na glovu, kwa maana sakafu ina kinyesi cha popo kinachoteleza kuliko sabuni. Vaa barakoa. Usiguse popo wala kula ndani: mwaka 2008 watalii waliotembelea pango la popo magharibi mwa Uganda walipata virusi vya Marburg, na mmoja alifariki. Mvua ikianza kunyesha nje, tokeni, maji huingia pangoni haraka kuliko mtu anavyopanda.

Kilwa

Nangurukuru ni kilomita 300 hivi kutoka Dar es Salaam, na mji wa Kilwa Masoko uko kama 30 mbele upande wa bahari. Fanya Masoko kuwa makao: kuna benki, nyumba za wageni na bandari. Toa fedha taslimu za kutosha hapa, visiwani hakuna mashine.

Watu huja kwa ajili ya magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, nayo yanastahili. Lakini njia ya kufika Songo Mnara ni kivutio chenyewe: visiwa vya matumbawe, mikoko, na maji ya kijani yaliyokingwa na mwamba. Pata kibali na mwongozaji Masoko kabla ya kugusa boti. Kisha panga kufika Songo Mnara maji yakiwa nusu yanapanda. Ukifika yamekupwa, utavua viatu na kutembea ndani ya tope la mikoko lenye chaza wakali. Wengi hukatika nyayo hapo. Suluhisho ni raba za zamani zenye kamba, si ndala, maana ndala hubaki topeni.

Ukivaa miwani ya kuogelea kwenye mwamba wa nje, utakuta sehemu nzuri na sehemu zilizo kifusi kitupu. Kifusi hicho ni kazi ya uvuvi wa baruti, uliotesa pwani hii kwa miongo, na pia ya joto la bahari la 1998 lililoua matumbawe mengi. Muulize nahodha mahali palipopona. Wavuvi wanajua, na kuwalipa wakupeleke huko ni sababu nzuri ya mahali hapo kulindwa.

Ukikanyaga taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) au samaki-jiwe, jeraha hutibiwa kwa namna moja: ingiza mguu kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyoweza kustahimili bila kuungua, nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90, kisha nenda hospitali. Joto hupunguza maumivu haraka. Ili kuepuka taa, buruta nyayo mchangani badala ya kunyanyua hatua.

Lindi: Rondo, Rutamba na Tendaguru

Nyuma ya mji wa Lindi ardhi inapanda hadi nyanda za Rondo, msitu wenye mimea isiyopatikana kwingine na ndege adimu. Mwenyeji wake maarufu ni komba wa Rondo, mdogo wa gramu 60 tu, anayetoka usiku. Msitu ni hifadhi ya serikali, hivyo pitia ofisi ya misitu Lindi upate kibali na mlinzi wa kuongozana nawe. Tumia tochi yenye mwanga mwekundu, usimmulike machoni. Njiani pitia ziwa la Rutamba na msitu wa Litipo. Asubuhi moja inatosha.

Kuhusu Tendaguru tuseme wazi. Hiki ndicho kilima ambako wataalamu wa Kijerumani, 1909 hadi 1913, walifukua mifupa ya mijusi wakubwa walioishi miaka milioni 150 iliyopita. Boheti bin Amrani alisimamia uchimbaji, na wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 kwa miguu hadi Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Mjusi mkubwa zaidi, wa mita 13 na zaidi kwenda juu, yuko Berlin hadi leo. Pale kilimani pamebaki nyasi, mawe na vipande vya mifupa ardhini. Ukienda bila kusoma kwanza utaona pori. Ukienda umesoma, na mzee wa kijiji akuonyeshe mashimo ya zamani, utasimama hapo kwa muda mrefu. Nenda Agosti hadi Oktoba nyasi zikiwa zimeungua au zimelala, kwa gari la magurudumu manne na maji lita 5 kwa kila mtu. Kuokota mfupa ni kosa la jinai.

Newala na Masasi

Ukiwa na siku mbili za ziada, panda Newala ukasimame ukingoni mwa Shimo la Mungu, ambapo nyanda ya Makonde inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana chini hadi Msumbiji. Saa 12 asubuhi ni bora. Mchana ukungu wa joto hufuta kila kitu. Milima ya mawe ya Masasi iko kando ya lami, unaitazama ukipita.

Mtwara, Msimbati na mdomo wa Ruvuma

Kilomita 40 na ushee kutoka mjini Mtwara ni Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000. Ufuko ni mrefu, mweupe, na kina kinashuka karibu na ukingo, hivyo unaogelea hata maji yakiwa yamekupwa. Watoto wasiachwe peke yao kwa sababu hiyohiyo.

Gari hukwama hapa kila wiki. Kabla ya kuingia mchangani punguza upepo wa matairi kutoka presha 35 hadi 18, weka gia ya magurudumu manne, na uende bila kusimama wala kukata kona kali. Pita kwenye mchanga mgumu wenye unyevu maji yakiwa yanatoka, kamwe yasiwe yanapanda. Gurudumu likianza kuchimba, acha mafuta mara moja. Ukizidisha, gari linakaa kwa tumbo. Fukua, weka mbao au makuti makavu, rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe. Beba koleo na pampu, kwani hakuna fundi wa kujaza upepo hadi urudi lami.

Mdomo wa Ruvuma, wenye fungu za mchanga na ndege wa majini, haufai kuendewa kimyakimya. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze mwaka 2017, na hasa baada ya shambulio la kijiji cha Kitaya Oktoba 2020, ulinzi wa mpaka ni mkali. Ripoti polisi Mtwara, kisha serikali ya kijiji, ukiwa na kitambulisho. Wakisema usiende, tumia siku hiyo katika mji wa Mikindani au Msimbati. Wakiruhusu, nenda na mwenyeji waliyemchagua, usipige picha za askari wala doria, usivuke hata nusu ya mto, na uwe umerudi kijijini kabla ya saa 9 alasiri.